Kurudi nyumbani kwa gari la nyumba na mbwa wawili: kabla ya kumlaza mbwa, jua kinachomsumbua

Swali: "Daktari, mimi na mume wangu tunaishi Calgary, Kanada, na tangu Desemba tumekuwa karibu na Phoenix, Arizona, tukikwepa baridi ndani ya gari letu la nyumba, haya yanayoitwa RV. Mwishoni mwa mwezi wa 5 tunarudi nyumbani na mbwa wetu wawili. Bosi ni bulldog wa Kifaransa mwenye miaka 8 na kilo 13, hukoroma hata akiwa macho. Njiwa ni chotara wa miaka 2 tuliyemchukua kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa. Tulipokuwa tukija, Njiwa alitapika siku mbili za kwanza, akatetemeka na kutoa udenda njia nzima, na siku ya mwisho alikataa hata kupanda ngazi ya gari. Jirani yetu hapa kambini anashauri tuwape wote wawili dawa ya mzio ya binadamu pamoja na nusu kidonge cha usingizi cha mume wangu, walale mpaka tufike. Anasema pia hakuna haja ya kuwafunga kwa kuwa gari ni kubwa na wamezoea kulala kitandani kwetu kule nyuma. Njiani tungependa kusimama Grand Canyon, lile bonde kubwa la Arizona, na kuwaacha garini kwa muda wa saa 3 au 4, kiyoyozi kikiwaka. Mume wangu anataka tuendeshe kilomita 800 kwa siku ili mateso yaishe mapema. Je, tuwape dawa hizo? Au mmoja wetu arudi nao kwa ndege?"

Jibu: Dada, pole kwa yale mliyoyapitia safari ya kuja, na asante kwa kueleza kila kitu kwa mpangilio, maana maelezo yako yamenirahisishia kazi. Unachoogopa ni kumwona Njiwa akiteseka tena kwa siku kadhaa bila nyinyi kuweza kumsaidia, na hofu hiyo ndiyo inayofanya ushauri wa jirani uonekane wa huruma. Naomba nikuambie mapema kwamba dawa alizozitaja msiwape, wala Njiwa wala Bosi. Mbwa wako hawa wana matatizo mawili yasiyofanana. Njiwa ana kigegezi kilichozaa hofu, na hilo lina tiba. Bosi ana njia nyembamba ya hewa, na kwake hatari kubwa ya safari hii ni joto, tena hatari hiyo huongezeka akilazwa kwa dawa.

Nianze na Njiwa. Ndani kabisa ya sikio la mbwa, kama ilivyo kwetu, kuna viungo vidogo vyenye majimaji vinavyoupasha ubongo habari za kila mwendo: kuyumba, kupanda, kushuka, kupunguza kasi. Macho nayo hupeleka habari zake. Mbwa aliyelala kitandani nyuma ya RV anatazama kabati na ukuta ambavyo machoni pake vimetulia tuli, ilhali sikio lake la ndani linaripoti kwamba anarushwa huku na huko. Taarifa hizo mbili zinapogongana, ubongo huamsha kituo cha kutapika. Kitanda hicho, zaidi ya hayo, mara nyingi kiko nyuma ya ekseli ya mwisho, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma, sehemu inayopanda na kushuka kuliko zote kila gari linapopita kwenye bonde dogo la barabara. Kwa hiyo mahali mnapopaona kuwa pa starehe kwake huenda ndipo panapomuumiza zaidi.

Mbwa akishatapika mara chache katika gari lilelile, hujifunza. Harufu ya gari, mlio wa injini na ile ngazi ya mlangoni vinakuwa dalili kwamba mateso yanakuja, na mwili unaanza kuogopa kabla gurudumu halijazunguka. Ndiyo maana siku ya mwisho Njiwa aligoma kupanda, nami nisingeuita huo ukaidi. Unaweza kuyatenganisha mambo haya mawili kwa kuangalia wakati. Mbwa anayeanza kutetemeka, kujificha na kutweta gari likiwa limesimama ana hofu. Mbwa anayepanda kwa utulivu, kisha baada ya muda wa kona na vilima akaanza kupiga miayo, kulamba midomo, kumeza mate mara kwa mara na kudondosha udenda, ana kigegezi. Njiwa, kwa maelezo yako, alianza na cha pili akaishia na vyote viwili, kwa hiyo vyote viwili vitatakiwa kutibiwa.

Sasa fikiria dawa ya usingizi inamfanya nini mbwa wa namna hiyo. Haigusi kigegezi chenyewe. Mbwa aliyelegea anaweza kutapika huku hana nguvu za kuinua kichwa vizuri, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Baadhi ya vidonge vya usingizi vya binadamu, zolpidemu ikiwa mojawapo, huwafanya mbwa wengine wachachamae na kuhangaika badala ya kulala. Dawa za mzio zina hatari yake pia, kwani nyingi zinazouzwa madukani huchanganywa na dawa za kuzibua pua au za maumivu ambazo kwa mbwa ni sumu. Hata dawa ya zamani ya kutuliza wanyama, asepromazini, ambayo wengi wetu tuliitumia kwa miaka mingi, siipendi kwa mbwa mwenye hofu: inatuliza misuli kuliko inavyotuliza moyo, hivyo mbwa anaonekana mtulivu ilhali bado anaogopa na anasikia kila kishindo.

Dawa ambayo ningekuomba uiulizie ni maropitanti. Hii imetengenezwa kwa ajili ya mbwa, inazuia ishara ya kutapika kwenye kituo chenyewe cha ubongo, na haimlazi. Hutolewa angalau saa 2 kabla ya kuondoka, pamoja na chakula kidogo sana. Kuna mambo mawili ambayo watu huyakosea. La kwanza ni kwamba kipimo cha kuzuia kutapika safarini ni kikubwa kuliko kipimo cha kutibu kutapika kwa kawaida, kwa hiyo vidonge vilivyobaki kutoka ugonjwa mwingine visitumiwe kwa kukisia. La pili ni kwamba kwa kipimo hicho kikubwa maelekezo ya dawa yanaruhusu siku 2 tu mfululizo. Safari yenu ni ndefu kuliko hapo, basi ipangeni dawa kwa kuangalia barabara. Mkipita njia ya Flagstaff, kipande kigumu kiko mwanzoni: barabara kuu ya I-17 inawapandisha kutoka Phoenix, iliyo karibu mita 330 juu ya usawa wa bahari, hadi Flagstaff, karibu mita 2,100, tena kwa kona na mipando mikali, kisha kuna vilima vya kaskazini mwa Arizona na kusini mwa Utah. Mkishaingia barabara kuu ya I-15 njia inanyooka kwa sehemu kubwa. Siku hizo za mwanzo ndizo za dawa, na kwa siku zinazobaki daktari atakayempima Njiwa awaambie kama aitumie tena, lini, na kwa kipimo gani.

Kwa upande wa hofu, mna wiki kadhaa kabla ya kuondoka, na wiki hizo zina thamani kuliko kidonge chochote. Anzeni kumlisha Njiwa karibu na ngazi, kisha ndani ya gari lililozimwa, kisha injini ikinguruma bila gari kuondoka, kisha mzunguko mfupi ndani ya kambi unaoishia kwa jambo analolipenda. Msiende hatua inayofuata kabla hajaitulia ile ya nyuma. Akikataa chakula, mmeharakisha. Iwapo hofu ni kubwa mno kwa mazoezi peke yake, daktari anaweza kumwandikia trazodoni au gabapentini, dawa ambazo kwa mbwa wengi hupunguza wasiwasi kweli. Mjaribisheni dawa hiyo nyumbani siku ambayo hamsafiri, ili muone inavyomchukua. Gabapentini ya maji inayotengenezwa kwa ajili ya binadamu msiiguse, kwa sababu baadhi yake huwekwa sukari mbadala ya zailitoli, ambayo lebo huiandika xylitol, na sukari hiyo inaweza kumuua mbwa.

Mhamisheni pia kutoka kitandani. Kizimba cha kusafiria kilichofungwa imara, sakafuni, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndicho mahali penye mtikisiko mdogo kuliko pote, na hewa kutoka dirisha la mbele humsaidia. Hapa napingana waziwazi na jirani yenu kuhusu kutowafunga. Gari kuwa kubwa hakubadilishi sheria za mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, Bosi wa kilo 13 ataruka mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 180, na katika RV kuna nafasi ndefu ya kurukia. Kizimba kisichofungwa nacho huruka na mbwa ndani yake. Mkichagua mkanda wa kifuani, uwe uliopimwa kwa majaribio ya kugongana. Center for Pet Safety ya Marekani huchapisha matokeo ya vifaa ilivyovijaribu. Na kama siku moja mtabadilisha gari hili kwa nyumba ya kukokotwa, mbwa wasipande huko nyuma kamwe wakati wa mwendo.

Bosi ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, ingawa katika barua yako ametajwa kidogo. Mbwa hatoi jasho la kutosha kumpoza. Hupoza mwili kwa kutweta, akipitisha hewa kwa haraka juu ya ulimi na utando wa njia ya hewa ili maji yavukize na kuondoka na joto. Bulldog wa Kifaransa amezaliwa na fuvu fupi, lakini nyama za ndani hazikufupika kwa kiasi hicho: matundu ya pua ni membamba, kaakaa laini ni refu na linaziba koo kwa nyuma, na mara nyingi hata bomba la hewa ni jembamba. Kule kukoroma akiwa macho, ambako wenye mbwa hawa hukuchukulia kuwa tabia yake tu, ni sauti ya hewa inayolazimishwa kupita penye msongamano. Joto likizidi hutweta kwa nguvu. Akitweta kwa nguvu nyama hizo huvimba. Zikivimba hewa hupungua, naye hutweta zaidi. Mzunguko huo unaweza kumfikisha kwenye kiharusi cha joto katika hali ya hewa ambayo mbwa mwenye pua ndefu angeivumilia. Dawa ya usingizi hulegeza misuli inayoshikilia koo lake wazi na kumwondolea uwezo wa kuinuka kutafuta hewa. Kwa hiyo Bosi asilazwe. Kabla ya safari apimwe kifua na koo, na kama ana uzito wa ziada, kuupunguza hata kidogo katika wiki zilizobaki kutamsaidia.

Kutokana na hayo, jibu langu kuhusu Grand Canyon ni kwamba msiwaache garini. Najua ukingo wa kusini una baridi kuliko Phoenix, kwa kuwa nao uko karibu mita 2,100 juu, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, gari dogo lililofungwa juani hufika karibu nyuzi 34 kwa dakika 10 na nyuzi 43 kwa nusu saa, na kufungua vioo kidogo hakusaidii kitu cha maana. RV hupata joto polepole zaidi, lakini mwisho wake ni uleule kiyoyozi kikizima. Nacho huzima. Kambi ya Mather pale ukingoni haina umeme wa kuchomeka, hivyo mtategemea jenereta, na jenereta hupoteza sehemu ya nguvu zake kwenye hewa nyepesi ya mlimani. Ile ya Trailer Village ina umeme, lakini hata penye umeme swichi ya usalama hukatika mchana wa joto, wakati kila gari limewasha kiyoyozi. Vifaa vinavyotuma ujumbe kwenye simu joto linapopanda ni vizuri kuwa navyo, ila vinahitaji mtandao, na ujumbe haufungui mlango mkiwa mbali. Jenereta pia hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu. Kingamuzi chake kijaribiwe kabla ya safari.

Furaha ya kuliona bonde hilo hamtaikosa. Mbwa wanaruhusiwa, wakiwa kwenye kamba fupi, katika njia za juu ya ukingo wa kusini, ingawa si kwenye zile zinazoshuka bondeni. Nendeni nao asubuhi mapema. Mkitaka kushuka, peaneni zamu, au ulizieni mapema nafasi kwenye banda la kulaza mbwa lililopo upande huo wa kusini, ambalo huhitaji uthibitisho wa chanjo.

Kuhusu mwendo, namwelewa shemeji. Kutoka Phoenix hadi Calgary ni kama kilomita 2,400, na kwa kilomita 800 kwa siku mngefika siku ya tatu. Lakini kilomita 800 za RV ni saa 9 au 10 barabarani, ambamo Bosi atapitia saa zote za jua kali na Njiwa hatapata muda wa tumbo kutulia. Ningegawa safari kwa siku 6 au 7. Ondokeni alfajiri, hasa siku ya kutoka Phoenix, ambako mwishoni mwa mwezi wa 5 joto la mchana mara nyingi hufika nyuzi 37 na zaidi, ili mpando mrefu uwe umekwisha kabla ya saa 4 asubuhi. Simameni kila baada ya saa 2. Kabla hawajashuka, wekeni mgongo wa mkono wako juu ya lami kwa sekunde 7. Ukishindwa kuuvumilia, nyayo zao hazitavumilia. Mlo mkubwa uwe jioni mkishasimama. Kamba ifungwe kabla mlango haujafunguliwa, kila mara, kwa kuwa mbwa mwoga kama Njiwa hupotea kwenye vituo vya mafuta, na chipu yake ya utambulisho, ile inayowekwa chini ya ngozi, iwe imesajiliwa kwa namba ya simu inayopatikana.

Ndege siishauri. Bosi ni mzito kuliko mbwa wanaoruhusiwa kukaa na abiria katika mashirika mengi, na mashirika mengi hayapokei kabisa mbwa wa pua bapa kwenye sehemu ya mizigo, kwa sababu zilezile za joto na hewa nilizozieleza. Kuna njia nyingine mnayoweza kuifikiria ikiwa Njiwa atashindwa kuizoea RV: mmoja wenu akodi gari dogo na kwenda naye kwa nyuma. Gari la chini huyumba kidogo zaidi, na kuna mbwa ambao hutapika kwenye RV lakini wako salama kwenye gari la kawaida. Gharama ni kubwa, nanyi mtakuwa mmetengana barabarani kwa siku nyingi, hivyo mjaribuni kwanza kwenye gari la rafiki kwa saa moja. Mpakani Sweetgrass na Coutts mtatakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kila mmoja wao, kilichosainiwa na daktari wa wanyama. Kile kibati cha shingoni hakitoshi.

Nunueni kipimajoto cha mbwa na mjue joto lao la kawaida, ambalo ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Bosi akitweta bila kukoma hata akiwa kivulini, mate yakiwa mazito, ufizi ukiwa mwekundu sana au ukigeuka wa rangi ya buluu, akiyumba au kutapika, msisubiri kuona kama atapata nafuu. Mmwagieni maji mwili mzima papo hapo, mpepeeni, msimfunike kwa taulo lililolowa kwa sababu linazuia joto kutoka, kisha mkimbizeni kwa daktari wa dharura kiyoyozi kikiwaka, mkiacha kummwagia maji joto likishuka hadi karibu nyuzi 39.5. Hata akionekana amepona lazima apimwe, kwani figo na mfumo wa kuganda kwa damu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Njiwa naye apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo akitapika hata gari likiwa limesimama usiku kucha, akishindwa kuyaweka maji tumboni, akitapika damu, au tumbo likivimba na kuwa gumu. Hapo haitakuwa tena shida ya safari. Andikeni kabla ya kuondoka majina ya hospitali za wanyama zinazofunguliwa usiku katika miji ya njiani, kama Flagstaff, Salt Lake City, Idaho Falls na Great Falls, kwa kuwa kati ya miji hiyo kuna vipande virefu visivyo na msaada wala mtandao.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza, nami sitaki mfike Calgary bila kulijua. Udongo wa kusini mwa Arizona una kuvu aina ya Coccidioides, ambaye mbegu zake hupeperuka na vumbi na kuvutwa na mbwa wanaofukua na kunusa ardhi. Wenyeji huuita ugonjwa wake homa ya bonde, na hauhusiani kabisa na homa ya Bonde la Ufa inayoua mbuzi na kondoo kwetu Afrika Mashariki. Dalili huweza kujitokeza wiki au miezi mingi baada ya kuondoka: kikohozi kikavu, homa, kukonda, kuchechemea bila kuumia. Kupe wa huko nao hueneza magonjwa ya damu. Daktari wa kwenu Alberta, jimbo iliko Calgary, ambaye hajui kwamba mbwa alikaa Arizona anaweza kutibu kikohozi hicho kwa dawa za bakteria kwa muda mrefu bila mafanikio, kwa hiyo mwaka huu wote, mbwa yeyote kati ya hawa wawili akikohoa au kuchechemea, mwambieni daktari kwamba alikaa karibu na Phoenix kuanzia Desemba hadi mwezi wa 5, na mwombeni ampime damu kutafuta kingamwili za kuvu huyo.